Kitambaa cha Nane

Andiko la msingi: 1 Wakorintho 11:2–22. Soma pia Walawi 19:9–10, Ruthu 2 na Matendo 18:1–3.

 

Najua nikitaja tu 1 Wakorintho 11, kuna watu hapa tayari wameanza kuangaliana. Yule aliyefunga kitambaa anamwangalia asiyefunga, na asiyefunga anaangalia dari. Tulieni, mama zangu na dada zangu. Sikuja leo kuamua kesi ya nani afunike kichwa na nani asifunike. Kwetu hapa wako wanaofunika kila wanapoomba, hata wakiwa jikoni, na wako ambao hawafuniki, na wote nimewaona wakiomba na mvua ikanyesha. Ndugu zetu Akorino wana kilemba chao cheupe, tena kwao hata mwanamume anavaa. Wakatoliki walikuwa na sheria ya kanisa ya mwaka wa 1917 iliyosema mwanamke afunike kichwa ibadani. Sheria mpya ya 1983 haikuitaja tena, lakini mpaka leo utawaona akina mama na shela zao za lesi, hawakulazimishwa na mtu. Kwa hivyo hii maneno ni pana, na wenye hekima kuliko mimi wameijadili.

Mimi nina jambo lingine, na si la akina mama. Ni langu. Nimemwomba Mchungaji ruhusa nilitubu hapa mbele, na limechapwa ili aliyekosa ibada alisome pia.

Wengi wenu mnajua kwamba nimelelewa na kitambaa. Si mafumbo. Karo yangu ya sekondari, viatu vyangu, hata nauli ya kwenda chuo kusomea biashara, vilitoka kwa vitambaa vya kichwa ambavyo mama anashona kwa ajili ya wanawake wa sala. Alianza 1999, baba alipopunguzwa kazini. Alinunua cherehani ya kukanyaga ambayo mwenyewe alikuwa ameichoka, na wiki ya tatu mkanda ukakatika, pesa ya kununua mwingine hakuna. Basi akashika sindano. Mama husema Mungu aliharibu ile cherehani makusudi, kwa sababu wanawake walipoona pindo lililokunjwa kwa mkono hawakutaka tena lile la mashine.

Wacha niwaelezee, manake watu huvaa kitu bila kujua kimepita wapi. Mama hununua pamba nyeupe, mita 3, yenye upana wa mita moja na nusu. Kwanza anailoweka na kuianika. Pamba hurudi, ikirudi baada ya kushonwa kitambaa kinajikunyata pembeni kama uso wa mtu aliyekula ndimu. Halafu anakata mraba wa karibu sentimita 75 kila upande. Hesabu mwenyewe: mbili kwa upana, nne kwa urefu, vinatoka vitambaa 8. Kila kimoja kina pindo la karibu mita 3 kuzunguka. Nyanya yangu, alipokuwa hai, ndiye aliyekuwa akiviringisha lile pindo kati ya kidole gumba na cha shahada, anapitisha sindano ndogo ndogo, huioni kwa nje. Dada yangu mkubwa anafuma lesi ya pembeni. Na baba, mtu ambaye hakuwahi kushika pasi tangu azaliwe, akawa mtu wa pasi. Pasi ya makaa. Alikuwa anapiga pasi huku ameshika pumzi asimwage jivu kwenye kitu cheupe. Sisi wadogo kazi yetu ilikuwa kunawa mikono. Hiyo tu. Hakuna kugusa kama hujanawa.

Kitambaa kimoja kilikula kama saa 5 ukijumlisha mikono yote hiyo. Mama alikiuza shilingi 250.

Nilipomaliza digrii nikarudi nyumbani na kompyuta. Mnajua vile kijana akitoka chuo anaona kila kitu cha nyumbani kimekosewa. Nikamketisha mama, nikamwuliza gharama. Kitambaa mita 3 kwa shilingi 300, hiyo 900. Uzi na nauli, 100. Jumla 1,000 kwa vitambaa 8. Nikamwuliza, unauza vingapi? Akasema saba. Nikamwuliza cha nane kinaenda wapi? Akasema, “Cha nane ni cha boksi.”

Kulikuwa na boksi. Boksi la mafuta ya kupikia, limekatwa juu, linakaa nyuma ya mlango wa kanisa, chini ya benchi la wahudumu. Mama alikuwa akitia humo kitambaa kimoja katika kila vinane, bila lesi lakini pindo ni lile lile. Mwanamke akija na hana, anainama anachukua. Hakuna anayeuliza, hakuna anayeandika. Alifanya hivyo miaka na mimi, mtoto wake, niliyepita kwa ule mlango kila Jumapili, sikuwa nimeliona lile boksi.

Nikapiga hesabu. Vitambaa 7 kwa 250 ni 1,750. Ondoa 1,000, inabaki 750. Gawanya kwa saa 40 za kazi. Mama yangu alikuwa analipwa shilingi 18 na senti 75 kwa saa. Niliumia, na sijatubu kuumia. Biblia inasema mfanyakazi anastahili ujira wake, na mahali hapo mama alikuwa anajidhulumu. Mtu wa Mungu akiuza kwa hasara hadi macho yake yanaharibika, tusiite hiyo utakatifu. Hapo nilikuwa sawa.

Lakini kwenye kompyuta niliandika mstari mwingine. Nikaandika: “Upotevu, kimoja kwa vinane, asilimia 12.5.” Nikaupaka rangi nyekundu.

Kabla sijafika mbali, turudi kwa Paulo.

Tunapenda kusoma ile barua kama sheria iliyodondoka kutoka mbinguni bila anwani. Ina anwani. Korintho ilibomolewa na Warumi mwaka wa 146 kabla ya Kristo, ikakaa magofu karibu miaka 100, halafu Julius Caesar akaijenga upya mwaka wa 44 kabla ya Kristo kama mji wa Kirumi. Ni mji wa bandari, wa biashara, wa watu waliotoka kila mahali kutafuta pesa. Kwa desturi ya Kirumi, hata mwanamume akitoa sadaka kwa miungu alijivuta nguo kichwani. Na mwanamke aliyeolewa, kufunika kichwa ilikuwa heshima yake. Ilimwambia mtu barabarani: huyu ana kwao, usimchezee. Kwa hivyo kitambaa kilikuwa kinasema kitu kuhusu cheo. Sasa waweke wanawake wote katika nyumba moja ya ibada, mke wa tajiri na mtumwa wake, wote wanaomba, wote wanatabiri. Mnaanza kuona kwamba hili suala la kichwa halikuwa la mitindo.

Na Paulo aliishi na nani Korintho? Matendo 18. Aliishi na Akila na Prisila, mtu na mkewe, Wayahudi waliofukuzwa Roma na Kaisari Klaudio. Wakimbizi. Walifika Korintho wakaanzisha tena kazi yao ya kushona hema, na Paulo, kwa kuwa ni fundi wa kazi hiyo hiyo, akaketi nao akashona. Biashara ya familia, watu wangu! Mtume mkubwa ana sindano mkononi. Alipokuja kuandika ile barua alikuwa Efeso, na sura ya 16 inatuambia Akila na Prisila walikuwa huko huko, wakituma salamu. Mimi huwaza hivi: Paulo anapoandika kuhusu vichwa vya wanawake wa Korintho, yuko karibu na mwanamke aliyewajua wale wanawake kwa majina. Mtu wa mkono, anayejua bei ya uzi.

Haya. Nikarekebisha biashara ya mama.

Bei nikapandisha kutoka 250 hadi 800. Nikatafuta kifuko kizuri. Nikapiga picha nikatuma kwa vikundi vya simu, na oda zikaja, kutoka Nakuru, kutoka Kisumu, hata mama mmoja kutoka Mombasa alitaka kumi kwa mkupuo. Nilifurahi. Lakini mikono ya mama na dada ni minne tu, na pindo la mita 3 haliharakishwi. Oda zilipozidi, nilienda Eastleigh nikapata vitambaa vya mashine, vyeupe, vizuri kwa mbali, shilingi 90 kimoja kwa jumla. Nikavishonea lebo iliyosema “Kazi ya mkono.” Nikajiambia, si hata anayekanyaga mashine ana mkono?

Cheka tu. Ndivyo shetani hufundisha uhasibu.

Siku hiyo hiyo Eastleigh, muuzaji mmoja Mwethiopia alinionyesha netela. Ni ile shuka nyepesi nyeupe ya pamba, ina ufito wa rangi kwenye pindo, ambayo akina mama wa kanisa la Orthodox la Ethiopia hujifunika wakienda kusali. Akaniambia kwao kazi ya kusokota uzi ni ya wanawake, na kazi ya kufuma ni ya wanaume, na kwamba mafundi wanaosifika ni Wadorze, watu wa milimani juu ya Arba Minch. Kwa hivyo ukijifunika netela ya asili umejifunika nyumba nzima, mama na baba. Nilisikia hayo yote, nikakumbuka baba na pasi yake ya makaa. Na bado nikabeba gunia langu la vitambaa vya mashine nikapanda matatu. Unaweza kupata mahubiri kamili sokoni na yasikuguse.

Mama alijua kwa kidole. Alipapasa pindo la kimoja, hakuangalia hata, akasema, “Baba” (huniita baba kwa sababu nina jina la babake) “hii ni ya nani?” Nikajaribu kuelezea mambo ya uzalishaji na mahitaji ya soko. Akakitoa kile kitambaa kwa kifuko, akakikunja, akanirudishia mkononi kama mtu anayerudisha chenji isiyo yake. Methali 11 inaanza na mizani ya uongo, na mimi nilikuwa nimeishona kwa lebo. Niliwapigia simu wateja 23, mmoja mmoja, nikawaambia ukweli na kuwarudishia pesa. Kumi na sita walikubali pesa. Saba waliniambia nisijali, kitambaa ni kizuri, na hao saba ndio walioniumiza zaidi.

Lakini hiyo bado sio toba iliyonileta hapa.

Mnakumbuka mwaka jana nilipewa kusimamia maombi ya Ijumaa. Nilitaka mambo yawe na utaratibu. Nikatangaza, na wengi wenu mlikuwepo, kwamba waombezi wote wa kike wavae kitambaa cheupe kinachofanana, na kwamba vinapatikana kwenye meza pale nje kwa shilingi 800. Hata nikasema mnaweza kulipa mara mbili, nikajiona nina huruma. Sikusema kwamba meza ni ya nyumbani kwetu. Mlijua, lakini sikusema. Na madhabahu ikawa kibanda changu.

Na boksi? Boksi nililiondoa. Sababu yangu ilikuwa ya darasani kabisa: ukiweka cha bure mlangoni, nani atanunua cha 800 nje? Kwa hesabu ya soko hakuna mtu anaweza kunipinga. Mama aliponiuliza lile boksi liko wapi, nilimwambia tunapanga stoo.

Kulikuwa na mama mmoja katika waombezi wale. Nimemwomba ruhusa niseme, akanipa, akaniambia nisitaje jina. Anafua nguo mtaani. Siku nzuri anarudi nyumbani na shilingi 500, na siku nzuri si kila siku. Kitambaa chake kilikuwa cha boksi, cha zamani, kimefuliwa mpaka kimekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Alikuja akainama pale chini ya benchi kutafuta kingine, kama alivyozoea, akapapasa, hakuna kitu. Akasimama, akafunga kile cha zamani, akaenda mbele kwa waombezi. Mhudumu mmoja, kwa upole, na kwa maagizo yangu, akamwambia, “Mama, leo utakaa nyuma kidogo, tunapiga picha.”

Akakaa nyuma. Ijumaa iliyofuata hakuja. Na iliyofuata. Na ya tatu.

Mimi nilikuwa na jedwali la kila kitu. Vitambaa vilivyouzwa, vilivyolipiwa nusu, vilivyobaki. Sikuwa na safu ya mtu aliyekosekana. Aliyegundua ni mama. Aliniambia, “Yule anayeomba kwa sauti ya chini, ameenda wapi?”

Usiku huo ndio nilifungua 1 Wakorintho 11, kwa sababu nilikuwa natayarisha somo la kitambaa, ili niwaeleze waombezi kwa nini sare ni ya kibiblia. Ndiyo. Nilikuwa natafuta andiko la kuuzia. Nikasoma aya ya 2 hadi ya 16, nikapiga mistari. Kawaida hapo ndipo sisi hufunga Biblia. Ukitaka kujua ubaya wa kusoma nusu sura, geuza macho kidogo tu. Paulo hajaweka hata nukta ya kupumzika, anaingia moja kwa moja: katika hili siwasifu, kwa sababu mnapokusanyika hamkusanyiki kwa faida bali kwa hasara. Kwa hasara, watu wa Mungu! Neno langu la darasani, liko kwenye Biblia, na mimi nilikuwa nimeliandikia mahali pengine. Halafu anaeleza. Wenye nacho walikuwa wanatangulia kula chakula chao wenyewe, wanashiba, na maskini anabaki na njaa. Na kwenye aya ya 22 anawauliza kama wanalidharau kanisa la Mungu na kuwaaibisha wale wasio na kitu.

Niliweka kalamu chini. Sura ya kufunika wanawake na sura ya kuwaaibisha maskini ni sura moja. Paulo hakuziweka karibu kwa bahati mbaya. Unaweza kupata utaratibu wa kichwa sawasawa, kitambaa kimepigwa pasi, pindo la mkono, lesi, halafu kwa kitambaa hicho hicho ukamvua mtu nguo mbele ya kanisa. Mimi nilichukua kitu kilichotengenezwa kufunika, nikakitumia kufunua. Kila mtu aliona ni nani hana 800.

Na sikumfunua mtu wa nje. Nilimfunua mwombezi.

Nikafikiria ule mstari wangu mwekundu, upotevu asilimia 12.5. Walawi 19 inamwambia mwenye shamba asivune mpaka pembeni, wala asirudi kuokota mabaki; awaachie maskini na mgeni. Nilikuwa nimesoma hiyo mara nyingi nikadhani inahusu sadaka. Angalia vizuri. Mungu hasemi “uvune zote halafu uwape kidogo.” Anasema usivune. Waachie. Kwa hivyo mahindi ya pembeni hayajawahi kuwa ya mwenye shamba. Ndiyo maana Ruthu hakwenda kwa Boazi na barua ya kuomba msaada. Alienda shambani akaokota kama mtu anayeenda kazini, na Boazi akawaambia vijana wake wasimkaripie, tena waangushe masuke mengine kwa makusudi, kama wamesahau. Huyo tajiri alijua namna ya kutoa bila kumfanya mtu ainamishe uso. Kutoka kwa yale masuke alizaliwa babu ya Daudi.

Mama yangu hajasoma masomo ya biashara. Lakini alipokata ile pamba ya mita 3, alikuwa anakata saba zake na moja isiyo yake. Mimi ndiye niliyerudi kuokota mpaka pembeni.

Na wafanyabiashara wenzangu mlio hapa, wenye duka, wenye mabodaboda, wenye saluni, sisemi muuze kwa hasara. Nimeshasema, shilingi 18 kwa saa ni dhuluma. Tumekaa na mama tukapanga bei upya. Sasa kitambaa ni 450. Saba kwa 450 ni 3,150, ukitoa 1,000 inabaki 2,150, kwa saa 40 ni shilingi 53 na senti 75. Si utajiri, lakini mama ameweza kununua miwani. Na hesabu inaanzia saba. Ile ya nane haimo kwenye jedwali, hata kama hasara, hata kama sadaka. Nikiiandika nitaanza kuihesabu tena, najijua. Wewe pembe ya shamba lako unaijua mwenyewe. Kwa mwenye saluni labda ni kichwa kimoja Jumamosi asubuhi. Kwa mwenye duka sijui, mimi si wewe.

Wiki mbili zilizopita nilienda na mama mpaka kwa yule dada yetu. Ni chumba kimoja, na kamba ya nguo za watu imepita juu ya vichwa vyetu, zinadondoka maji. Alitukaribisha, akachemsha chai, akakataa tusinywe. Nilimwambia nilichofanya, chote, pamoja na picha na boksi. Nilitarajia alie au akasirike, ningejua la kufanya. Alisema, “Pasta, sikutaka kuharibu picha.” Basi. Akatuongezea chai.

Sasa anasali kanisa lingine, lililo karibu na anakofulia. Amesema atafikiria kurudi. Sikumsukuma. Kama hatarudi, atakuwa amebarikiwa huko, na kanisa hili limempoteza mwombezi kwa sababu yangu, na ninataka mjue ni kwa sababu yangu, si kwa sababu alirudi nyuma kiroho kama nilivyosikia mtu akisema.

Mama alikuwa amebeba kitambaa kipya kwa mkoba, kile cha lesi. Akakiweka mezani bila hotuba. Yule dada akakishika, akaangalia pindo, akaingia nyuma ya pazia akatoka na noti ya 100, akampa mama. Mimi nikafungua mdomo kusema hapana, haiwezekani. Mama alinikanyaga mguu chini ya meza. Akaipokea ile mia kwa mikono miwili, akasema asante, akaikunja akaiweka kwenye leso yake. Njiani nikamwuliza kwa nini. Akaniambia, “Baba, ulitaka umwaibishe mara ya pili?”

Kwa hivyo haya ndiyo yatakayofuata, na Mchungaji ameidhinisha. Lile agizo la sare nyeupe nimeliondoa. Ijumaa njoo na kitambaa ulicho nacho, au usije nacho kama huwa huvai. Hakuna atakayehamishwa kiti. Hakuna picha wakati wa maombi. Meza haitakuwa tena kwenye uwanja wa kanisa. Anayetaka kununua anajua nyumbani kwetu. Waliolipa 800 mwaka jana kwa sababu niliwaambia ni lazima, mje mnione, tofauti nitarudisha, nimeanza kuweka kando tangu mwezi wa pili na itanichukua muda, mnivumilie.

Boksi limerudi nyuma ya mlango, chini ya benchi, pale pale. Lina vitambaa kumi na moja leo. Hakuna daftari, na wahudumu nimewaambia wakimwona mtu anainama pale wageuke waangalie barabara.

Na Jumamosi saa tisa mama atakuwa kwenye chumba cha shule ya Jumapili kufundisha pindo la mkono, kwa wasichana na kwa yeyote anayetaka, hata wanaume. Baba amesema atakuja na pasi. Njoo na sindano nyembamba na uzi mweupe. Na unawe mikono.